Maedita wanne, diski moja: hela niliyochoma kabla mambo hayajakaa sawa

Kama una kaofisi kako ka video, mko wawili watatu mnaedit harusi na matangazo na vile vidokumentari vya mashirika, na bado mnapokezana eksteno kama kijiti cha mbio, kaa hapa kidogo. Mi nilichelewa kuambiwa. Ilinichukua karibu miaka mitatu na hela ambayo mpaka leo siijumlishi mbele ya mke wangu, kufika mahali ambapo maedita wanne wanafungua futeji ileile, wakati uleule, na hakuna anayepiga kelele "nani ana eksteno nyekundu?"

Ofisi yetu iko Sinza, chumba kimoja na kistoo. Tulianza 2019, mimi na dogo mmoja, kila mtu na kompyuta yake. Utaratibu ulikuwa hivi: mkitoka ukumbini saa nane usiku unamwaga kadi zote kwenye eksteno, asubuhi unampa dogo, dogo akimaliza kukata anakurudishia uweke rangi. Na kwa vile eksteno ya terabaiti 4 ilikuwa inacheza kwenye laki tatu na nusu, nakala ya pili tulikuwa hatuna. Kadi tunazifuta siku hiyohiyo maana kesho kuna kicheni pati. Ushajua stori inaelekea wapi. Siku moja waya wa chaja ukavuta eksteno, ikadondoka toka mezani huku inazunguka, ikaanza kulia tik tik tik. Sendofu nzima imo humo.

Nikampigia mama wa binti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, tunaisubiri kwa hamu, baba yake mkubwa anakuja Jumamosi toka Mwanza tukae tuangalie wote." Nikaongea mambo mengine kabisa nikakata simu sijasema. Nikampigia tena kesho yake, hiyo simu sitaisahau. Tulirudisha laki nane yote, na jamaa wa kuokoa data akachukua laki mbili ya kuangalia tu, akanirudishia diski na pole.

Hapo ndo nikaanza kutafuta NAS, yaani lile boksi la diski linalokaa kwenye netiweki kila mtu akachota humo. Na kosa langu la kwanza, ambalo limezaa mengine yote, lilikuwa swali nililoenda nalo dukani. Nilikuwa nauliza "terabaiti ngapi kwa shilingi ngapi?" tu. Hakuna muuzaji aliyeniuliza mko wangapi mnaosoma kwa wakati mmoja, wala kamera zenu zinarekodi kwa megabiti ngapi kwa sekunde, na mi sikujua kwamba hilo ndo swali lenyewe.

Mwanzoni mwa 2022 nikanunua boksi la diski mbili, laki saba na nusu, na diski mbili za terabaiti 4 kwa laki sita na arobaini. Nikaziweka kioo, yaani RAID 1, diski zote mbili zinabeba kitu kilekile ili moja ikifa nyingine ipo. Nikachomeka kwenye rauta ya intaneti iliyokuwepo ukutani, nikajiona tayari nina studio ya maana. Kukopi harusi moja ikawa inasema saa kumi na tano. Kasi megabaiti 11 kwa sekunde. Nikarudi dukani nikagombana na muuzaji wa watu, nikamwambia kaniuzia boksi bovu.

Kumbe boksi zima halina shida. Aliyegundua ni kijana anayefunga netiweki maofisini, alipita tu kusalimia, akainama akaangalia rauta akacheka. "Kaka, hii poti zake ni za megabiti mia. Hata uchomeke seva ya benki itatoka kumi na moja." Akanieleza kitu ambacho naomba na wewe ukiweke kichwani kabla hujatoa hela: netiweki inapimwa kwa megabiti, faili zako unaziona kwa megabaiti, gawanya kwa nane. Megabiti 100 ni megabaiti 12 na nusu, ukitoa makato inabaki 11. Gigabiti moja ni 125, kwa uhalisia unapata 110 hivi. Gigabiti mbili na nusu unapata kama 280. Gigabiti 10 unapita 1,000, ukiwa na diski za kuifikisha huko.

Tukanunua swichi ya gigabiti, kile kiboksi cha kugawa netiweki kwa kompyuta zote, ya elfu sitini tu. Elfu sitini! Wiki tatu nimelala na hasira kwa kitu cha elfu sitini. Na bado kompyuta ya dogo ikabaki inatambaa, tukaja kukuta kebo yake kuna mtu aliibana nyaya nne tu kwenye kichwa badala ya nane. Megabiti 100 inatosheka na nyaya nne, gigabiti inataka zote nane, kwahiyo taa inawaka, intaneti inafanya kazi, na hakuna kinachokwambia kuna tatizo. Fungua mipangilio ya kadi ya mtandao kwenye kila kompyuta uangalie imeandika 1,000 au 100. Dakika mbili. Ukifunga kebo mpya weka za daraja la Cat6 au Cat6a moja kwa moja, tofauti ya bei ni ndogo kuliko kuja kutoboa ukuta mara ya pili.

Baada ya hapo tulikula raha miezi kama minne. Alafu kazi zikaongezeka, nikaajiri wawili tukawa wanne, na wateja wakaanza kutaka kamera tatu ukumbini badala ya moja na nusu (ile nusu ni ya shemeji yao anayerekodi na simu). Basi ikifika saa tano asubuhi, wote tuko taimulaini, fremu zinaruka, ukisimamisha video inaendelea kufikiria, ukivuta mbele inaganda. Ijumaa moja dogo aliamka kwenye kiti akasema anaenda kunywa chai mpaka sisi tumalize kazi zetu ndo na yeye aanze.

Sa hiyo ndo nikakaa na kalamu, kitu nilichotakiwa kufanya kabla ya kununua hata skrubu. Kamera zetu zinarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti 12 na nusu. Edita mmoja akicheza kamera tatu pamoja ni megabaiti 37 na nusu. Wawili ni 75, inapita. Watatu ni 112, hapo uko ukingoni mwa gigabiti. Wanne ni 150. Hesabu ya darasa la sita, jibu lilikuwepo siku zote: tulivyokuwa wawili boksi lilitosha, tulivyokuwa wanne haliwezi, na hakuna kusali wala kurestati kutakakobadilisha. Na kama ungekuwa unaedit ProRes 422, ile aina ya faili nzito ya kueditia, ya 4K, fremu 25, hiyo ni kama megabiti 492 kwa mkondo mmoja, yaani megabaiti 61, watu wawili tu wameshamaliza bomba lote.

Sikuishia hapo kwenye ujanja wa kipumbavu. Boksi lilikuwa na poti mbili za mtandao, nikasoma kwamba unaweza kuziunganisha zikawa kitu kimoja, nikanunua swichi ya kusetiwa ya laki mbili na themanini nikaziunganisha. Mwendo wa mtu mmoja ukabaki palepale. Kuunganisha kwa namna ile ni kama kuongeza njia ya pili barabarani, magari mengi yatapita kwa pamoja lakini daladala yako haiongezi spidi, bado unachukua njia moja. Ipo namna nyingine, SMB multichaneli (SMB ni ile lugha ya kushea mafaili kwenye netiweki), hiyo kweli inaweza kumpa mtu mmoja njia mbili ila na kompyuta yake iwe na poti mbili na boksi liikubali, langu lilikuwa halina.

Alafu kuna kitu kingine ambacho hesabu ya megabaiti haikwambii. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachotembea. Ukisoma faili moja ndefu mfululizo, diski nzuri inatoa megabaiti 150 mpaka 200 na kitu. Ila watu wanne wakisoma faili kumi na mbili tofauti kwa pamoja, kichwa kinakimbia huku na huku kama mhudumu mmoja kwenye harusi ya watu mia tano, na kasi inaporomoka hata kabla netiweki haijajaa. Dawa ni diski nyingi zinazogawana kazi, au SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, au kupunguza kinachosomwa. Hilo la tatu ndo la bei rahisi kuliko yote na ndo nililolifikiria mwisho kabisa, ntakuja nalo.

Kabla sijatoka kwenye boksi la kwanza niseme la kufuta. Kijana mmoja mpya alikuwa anasafisha nafasi, akafuta folda ya dokumentari tuliyokuwa bado hatujakabidhi, akadhani ni nakala. Nikamwambia usijali tuna RAID. Nilisema kwa kujiamini kabisa. RAID ilikuwa imefuta kwa uaminifu mkubwa kwenye diski zote mbili kwa sekunde ileile. Tukarudi kurekodi mahojiano mawili upya, nauli na posho kwa hela yangu, na mzee mmoja tuliyemhoji akatuuliza, "Kwani mara ya kwanza nilikosea nini?" Basi. RAID inakukinga na diski kufa tu. Haikukingi na mtu, haikukingi na kirusi, haikukingi na mwizi wala moto.

Mwisho wa 2022 nikaamua kujenga. Nilikuwa nimeomba bei ya boksi la diski nane lenye gigabiti 10, limekamilika na diski zake, nikaambiwa milioni kumi na tatu na ushee. Sikuwa nayo. Nikapata Dell PowerEdge T320 iliyotumika, zile seva za mnara zinazosimama kama kompyuta kubwa, ina nafasi nane za diski mbele, ramu gigabaiti 32 za aina ya ECC, zile zinazojisahihisha makosa madogo, milioni moja na laki moja. Nikaweka TrueNAS, programu ya kuigeuza seva kuwa NAS, ni ya bure, inatumia ZFS, mfumo unaopanga mafaili na kuzisimamia diski wenyewe. Kijana wa netiweki akanisaidia kubadilisha programu ya kadi ya diski ili ZFS izione diski zenyewe moja kwa moja bila mtu wa kati, hiyo usiiruke. Mpaka hapo nilikuwa nimefanya vizuri kabisa, najisifu.

Alafu nikaenda kununua diski. Nilikuwa nataka sita za terabaiti 8. Kuna za laki tatu na themanini na kuna za laki sita na ishirini, zote zimeandikwa terabaiti 8, zote zina plastiki haijafunguliwa. Nikachukua za laki tatu na themanini, nikaokoa karibu milioni moja na nusu, nikawapigia watu wangu nikawaambia leo chakula juu yangu.

Zile za bei rahisi zilikuwa SMR. Ngoja nieleze kwa sababu hili limewaumiza wengi, na 2020 kulikuwa na kelele dunia nzima ilipogundulika kuna diski za SMR zinauzwa kama za NAS bila kuandikwa. Kwenye diski ya kawaida, inayoitwa CMR, mistari ya data imekaa pembenipembeni, kila mmoja na nafasi yake. Kwenye SMR mistari inalaliana kama mabati ya paa, ndo maana vinaingia vingi kwa bei ndogo, ila ukitaka kubadilisha bati moja lazima uinue na yanayolilalia. Kusoma iko sawa. Kuandika kidogokidogo iko sawa. Kuandika kwa saa kumi bila kupumzika ndo kifo chake.

Na ni lini diski inaandika saa kumi bila kupumzika? Siku mwenzake amekufa na unajaza mpya. Mwezi wa saba diski moja ikazima, nikaweka nyingine (SMR tena, sikujua), seva ikaanza kujenga upya. Diski ya terabaiti 8 kwa megabaiti 150 kwa sekunde ni kama saa 15 kama hakuna anayeisumbua. Yangu siku ya kwanza ilisema siku mbili. Siku ya tatu ikasema siku tano. Na nilikuwa nimeweka mpangilio wa kuvumilia kifo cha diski moja tu, maana yake kwa siku zote hizo ingezima nyingine hata kwa bahati mbaya, harusi kumi na nne zimeenda. Nilikuwa nalala ofisini kwenye godoro, sijui nilikuwa nailinda na nini, lakini nilikuwa nalala pale. Siku ya sita usiku ikamaliza. Nikakopa kwa kaka yangu nikanunua CMR sita.

Kwahiyo ukienda dukani usiangalie ukubwa na jina tu. Chukua namba kamili ya modeli iliyo kwenye lebo, ingia kwenye karatasi ya mtengenezaji yenyewe, tafuta palipoandikwa CMR au SMR. Isipoandikwa, usinunue. Na diski sita weka mpangilio wa kuvumilia mbili kufa, RAIDZ2 kwa ZFS au RAID 6 kwa maboksi mengine. Unapoteza terabaiti 16 kati ya 48, najua inauma, mi iliniuma mpaka nilipokumbuka lile godoro. Za SMR sikuzitupa, zimekuwa za kutunzia kazi zilizoisha, kwa kuandika mara moja na kukaa kabatini hazina neno kabisa.

Kuhusu umeme sitaongea sana, wote tuko nchi hii. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulinifundisha kwamba UPS, lile boksi la betri, siyo ya kukufanya uendelee kuedit, ni ya kuipa seva muda wa kuzima kistaarabu. Kuna waya wa USB unaotoka kwenye UPS kwenda kwenye seva, watu wengi wanauacha ndani ya boksi na nailoni yake. Uchomeke, useti kwamba betri ikibaki kidogo seva ijizime. Yangu ni laki tano na nusu, na mara ya kwanza umeme kukatika nikiwa nimelala nyumbani, asubuhi nikakuta seva imejizima yenyewe, nilitamani kuikumbatia.

Netiweki ya haraka nayo nilidhani ni ya matajiri. Kilichonisaidia ni kuacha kufikiria kila mtu apate kumi. Nikachukua MikroTik CRS305, kaswichi kadogo kanakaa kiganjani, kana poti nne za gigabiti 10 na moja ya gigabiti 1, laki nne na nusu. Poti moja ya kumi inaenda seva, moja kwa anayeweka rangi, moja kwa anayekata kamera tatu, ya nne iko akiba. Ile ya gigabiti moja inaenda kwenye ile swichi ya elfu sitini wanakokaa wengine. Kadi za mtandao nilichukua zilizotumika, Mellanox ConnectX-3, laki na thelathini kila moja, tatu. Seva iko stoo kwa sababu ya kelele za feni, kwahiyo ikatakiwa faiba ya mita 15 na moduli zake, vile vichwa vya kuichomekea, na kwa wale wa mezani kebo fupi za shaba ambazo zinakuja na vichwa vyake, vyote jumla laki mbili na ishirini. Angalizo: kuna kadi zinachagua moduli, zinakataa zisizo za kwao, uliza kabla hujalipa. Na hizi kadi zinapata moto, kwenye kompyuta isiyo na upepo weka feni ndogo.

Jumla ya mfumo unaofanya kazi leo, seva, diski sita za CMR, kadi, swichi, faiba na UPS, ni milioni sita na laki nne na kitu. Dhidi ya kumi na tatu. Ila ukijumlisha na ujinga wa njiani ile tofauti karibu yote nimeila, kwahiyo usije ukaniita mjanja.

Sasa lile la tatu nililosema. Proksi. Yaani unatengeneza nakala nyepesi ya futeji, unaedit nayo, siku ya kurenda, yaani kutoa video ya mwisho, programu ya kueditia inarudi kwenye faili halisi yenyewe. Premiere inafanya, DaVinci Resolve toka toleo la 18 ina kaprogramu ka kutengeneza proksi kanakokaa pembeni kanafanya kazi kenyewe. Nilikuwa nazidharau, nilikuwa naona ni za watu wenye laptopu dhaifu. ProRes Proksi ya 1080 kwa fremu 25 ni megabiti 38, haifiki megabaiti tano. Kamera tatu ni 14. Maedita wanne wote wakicheza kamera tatu ni 57. Rudi juu uangalie gigabiti inatoa ngapi. Mia na kumi. Yaani ile swichi ya elfu sitini ingetubeba sote wanne na nafasi ikabaki, mwaka mzima kabla sijaanza kununua kadi na faiba. Tungeumia kwenye kukopi na kwenye kurenda tu. Kijana anayebaki mwisho jioni anawasha kutengeneza proksi, asubuhi tunakuta tayari, zinakula kama gigabaiti 17 kwa saa moja ya futeji, kazi ikikabidhiwa tunazifuta.

Kwahiyo mtu akiniuliza leo aanze na nini kwa milioni moja, simwambii boksi. Namwambia swichi ya gigabiti, kebo nzima, proksi, na eksteno mbili za nakala. Kwa milioni mbili na nusu ndo aanze kutafuta boksi la diski nne, na hapo kama hana mtu wa kuelewana na seva, achukue la kampuni ya Synology au QNAP lililokamilika, tena lenye angalau gigabiti mbili na nusu au nafasi ya kuongeza kadi ya kumi baadaye. Kujenga mwenyewe ni rahisi kwa hela lakini ni ghali kwa jioni zako. Mi nilikuwa na yule kijana wa netiweki, na nilikuwa namlipa kwa kumpigia picha ndoa ya dada yake.

Vitu vidogo ambavyo vilitusumbua kuliko vilivyostahili. Kompyuta zote za Windows zipe herufi moja ya diski ya seva, sisi ni Z kwa wote, la sivyo ukifungua projekti ya mwenzio inakuomba utafute faili mia tatu moja moja. Kashe ya Premiere au Resolve isiwe kwenye seva kamwe, iweke kwenye SSD ya ndani ya kila kompyuta, kashe ni vijifaili elfu vya muda programu inavyojitengenezea, vinavyosumbua kile kichwa cha diski bure. Watu wawili wasifungue projekti moja kwa njia ya kawaida, mmoja akisevu anamfuta mwenzie, tumeshapoteza siku nzima ya kukata hivo, tumieni Productions kwenye Premiere au ile databasi ya pamoja ya Resolve. Na usijaze seva zaidi ya asilimia 80, ZFS ikijaa inakuwa nzito kama mtu aliyetoka kula pilau mbili.

Snapishoti washa siku ya kwanza. Seva inakumbuka hali ya mafaili ya kila saa, mtu akifuta folda unarudi nyuma saa moja unaichukua. Imetuokoa mara mbili mwaka huu na sikuwahi hata kukasirika. Ila nayo inakaa ndani ya sanduku lilelile, kwahiyo nakala ya kweli ni nyingine: lile boksi la kwanza la diski mbili sa hivi linapokea nakala ya kazi za wiki kila usiku, na kila Jumamosi nabeba diski moja naenda nayo nyumbani, iko kabatini chini ya mashuka. Mawinguni tumejaribu, intaneti yetu inapandisha megabiti 10, terabaiti moja ni siku tisa bila kupumzika, tukabaki kupandisha video zilizokamilika na mafaili ya projekti tu. Na kadi ya kamera haifutwi mpaka futeji iwe sehemu mbili, hii sheria nimeibandika ukutani na ndo sheria pekee ofisini inayokatwa mshahara.

Usifungue seva yako moja kwa moja intaneti ili mteja aone kazi akiwa nyumbani. Januari 2022 kirusi cha DeadBolt kilipita kwenye boksi za QNAP zilizokuwa wazi intaneti, kikafunga mafaili na kudai 0.03 ya bitikoini kwa kila mwenye boksi. Sisi tunatumia WireGuard, njia ya siri (VPN) ya kuingia kwenye netiweki ya ofisi toka mbali, kama kuna mtu yuko safari, mteja anatumiwa linki ya video ya kawaida.

Kilichobaki kunisumbua siyo mashine tena, ni wateja. Harusi moja ya kamera tatu kwa saa tano ni gigabaiti 675, na kila mtu anataka "mnitunzie tu". Sasa mkataba umeandika siku 90, baada ya hapo futeji mbichi inahamia kwenye zile diski za SMR, zimeandikwa namba kwa maka peni na kuna daftari la nini kiko wapi, ukiitaka unakuja kuichukua. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja tuliyemrekodia harusi ya mwanae 2023, akasema anataka vyote, siyo ile iliyokatwa, vyote vilivyorekodiwa siku ile. Nikafungua daftari, diski namba nne, dogo akaichomeka, folda ipo kamili, kamera zote tatu. Nilifurahi kuliko yeye. Nikamwambia mama ipo yote, nipe sehemu ya kukuwekea. Akafungua pochi, akatafuta sana, akatoa fleshi ya gigabaiti 8, akanikabidhi kwa mikono miwili, akavuta kiti akakaa kusubiri.